Harambee ya Vitabu Teule na Karatasi za Kudurusu kwa Watahiniwa wa Fasihi na Historia

Ndugu wazazi, wahitimu wa shule yetu, viongozi wa dini na wa jamii, na marafiki mlioko Arua, Koboko, Kampala na ng'ambo,

Tunawaomba shilingi 3,000,000. Bajeti nzima ni shilingi 3,900,000, na wazazi wamekwisha kuchanga 900,000. Watakaonufaika ni watahiniwa 120 wa shule yetu ya jamii hapa Arua: 96 wa S.4 (kidato cha nne) wanaojiandaa kwa UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato hicho, mwezi wa Oktoba, na 24 wa S.6 (kidato cha sita) wanaojiandaa kwa UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato hicho, mwezi wa Novemba. Tutanunua vitabu na karatasi, na tutagharamia wasahihishaji. Notsi hatutanunua hata moja.

Notsi zipo tele. Daftari za wanafunzi zimejaa, na pamfleti za muhtasari huuzwa kila kona mtihani unapokaribia. Pamfleti humwambia msomaji nani alimuoa nani na nani alikufa mwishoni. Swali la fasihi haliulizi hayo. Linampa mtahiniwa dondoo kutoka tamthilia au riwaya, kisha linamtaka aeleze kilichotokea kabla yake, hali ya moyo ya msemaji, mbinu zilizotumika na athari yake kwa hadhira, halafu umuhimu wa dondoo kwa kazi nzima. Aliyesoma muhtasari peke yake hajawahi kumsikia mhusika akisema. Hajui kwamba huyu hukatiza sentensi akikasirika, au kwamba yule huzidisha heshima anapodanganya. Basi anasimulia hadithi upya kurasa tatu, na alama hazipatikani kwa sababu hakuulizwa hadithi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha, shilingi 2,700,000, ni ya vitabu vyenyewe. Wanafunzi 40 wa S.4 wanasoma fasihi ya Kiingereza kwa vitabu vitatu. Kitabu kimoja kwa wanafunzi wawili ni nakala 60, kila moja 25,000. Wa S.6 ni 16 kwa vitabu vitano: nakala 40, kila moja 30,000. Wapo waliotuuliza kwa nini tusitoe fotokopi. Piga hesabu: riwaya ya kurasa 200 kwa shilingi 100 kila ukurasa ni 20,000, na bado hujaibana. Nakala hiyo huachana kabla ya muhula kwisha, huwa na kurasa zilizofifia au zilizorukwa, na namba zake hazilingani na za mwenzako darasani. Zaidi ya hayo, kunakili kitabu kizima ni kuvunja sheria ya Uganda ya haki za utunzi ya 2006, na shule haiwezi kuwafundisha watoto uaminifu huku ikifanya hivyo. Vitabu tutakavyonunua vitapigwa muhuri na kuvikwa plastiki, shilingi 1,500 kila kimoja kwa nakala 100, yaani 150,000. Kuvisafirisha kwa basi kutoka Kampala ni 60,000.

Historia ina shida nyingine. Tangu mwaka 2024 UCE inatahini mtaala mpya ulioanza 2020. Asilimia 20 ya alama hutokana na tathmini endelevu ya shuleni na 80 ni za mtihani wa mwisho, na swali sasa huanza kwa kueleza hali fulani ya maisha kisha humpa mtahiniwa kazi ya kufanya. Tuseme familia mbili za Buganda zinagombania shamba: moja ina hati ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi), nyingine imelima hapo kwa vizazi vitatu, na mtahiniwa ameombwa awaeleze wanakijiji chanzo cha mgogoro. Aliyekariri anamwaga kila kitu: Mkataba wa Uingereza na Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, Harry Johnston aliyeutia sahihi kwa niaba ya Uingereza, watawala wasaidizi watatu waliotia sahihi kwa niaba ya Kabaka (mfalme) Daudi Chwa aliyekuwa mtoto, kodi ya nyumba ya rupia 3, kodi ya bunduki, Lukiiko (baraza la Buganda) ya wajumbe 89. Yote ni kweli, na karibu yote hayagusi swali. Lililotakiwa ni mgawanyo wa ardhi: machifu na wakubwa wengine walipewa mailo, na waliokuwa wakilima humo wakajikuta wapangaji.

Kuna na kosa linalotuuma zaidi sisi wa Nile Magharibi, eneo hili la Arua. Watahiniwa wengi huandika kana kwamba Mkataba wa 1900 ulikuwa wa Uganda nzima. Mwaka huo Arua haikuwa Uganda. Eneo hili lilikuwa ndani ya Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki Desemba 1909, Lado ikaingia Sudan mwaka 1910, na Nile Magharibi ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mtoto wa hapa anastahili kulijua hilo kabla ya kulijua la Buganda.

Kwa hiyo tutachora jedwali la miaka kwenye karatasi 20 za manila, shilingi 2,000 kila moja, na kalamu nene 6 za bei hiyo hiyo: jumla 52,000. Buganda, Bunyoro, Nile Magharibi na Afrika Mashariki ya Wajerumani zitapewa kila moja mstari wake, mmoja chini ya mwingine. Hapo mwanafunzi ataona kwa jicho moja kwamba Abushiri alipigana na Wajerumani pwani ya Tanzania ya leo mwaka 1888 na 1889, Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, wafalme waliopigana na Waingereza, walikamatwa 1899, Maji Maji (vita vya wenyeji dhidi ya Wajerumani) ilianza 1905 na kwisha 1907, na Nyangire (upinzani dhidi ya machifu wa Kiganda) ilitokea Bunyoro mwaka huo huo wa 1907. Wanaochanganya Abushiri na Maji Maji huwa wamejifunza kila moja katika ukurasa wake, bila kuziona pamoja.

Mafungu 48 ya maswali ya mtindo mpya, fungu moja kwa wanafunzi wawili wa S.4, kila fungu kurasa 60, ni 288,000. Rimu 10 za karatasi za kujibia ni 250,000. Zinatosha watahiniwa wote 120 kwa karatasi nne kila wiki, wiki kumi.

Mazoezi yenyewe yatakuwa hivi. Kila Jumatano mwanafunzi anajibu swali moja kwa dakika 40, kitabu kikiwa kimefungwa. Majibu yanarudi Jumatatu, na mwanafunzi haandiki upya insha nzima. Anaandika upya aya moja iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Kazi zilizosahihishwa, nzuri, za wastani na mbovu, zitafutwa majina na kuwekwa maktaba ili kila mtu aone alama zilipatikana wapi na zilipotea wapi. Ili walimu wetu wasizoee mwandiko wa watoto wao na kuwahurumia, tutawaalika walimu wanne wenye uzoefu kutoka shule jirani kwa Jumamosi mbili. Nauli na chakula ni 50,000 kwa kila mmoja kila siku, jumla 400,000.

Anayetaka kutoa vitu badala ya fedha, karibu sana, ila amuulize kwanza mwalimu wa fasihi, maana orodha ya vitabu teule ya UNEB (Baraza la Mitihani la Uganda) hubadilika na kitabu cha mwaka mwingine hakitamsaidia mtahiniwa. Kamusi na atlasi tunapokea wakati wowote. Karatasi za UCE za kabla ya 2024 tunazo za kutosha. Zina maarifa mazuri lakini mtindo wake wa kuuliza si wa sasa, na tumeziandika ZA ZAMANI ili zisimpotoshe mtu.

Harambee itafanyika uwanjani mwa shule Jumamosi ya kwanza baada ya kufunguliwa kwa muhula wa pili, saa nne asubuhi. Aliye mbali aweke fedha kwenye akaunti ya shule na kutunza risiti ya benki, au atume kwa simu kupitia namba iliyo kwenye barua ya wazazi, akiongeza gharama ya kutolea. Kabla hujathibitisha, hakikisha jina linalotokea ni la shule. Likiwa la mtu binafsi, usitume. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila mchango, na hesabu ya matumizi itabandikwa ubaoni mwa ofisi pamoja na risiti za maduka ya vitabu.

Fedha zikipungua, tutaanza na vitabu vya S.6, kwa kuwa hao wana vitabu vingi zaidi na wanafunzi wachache wa kugawana gharama. Rimu zitafuata, kisha nakala za S.4. Zikizidi, tutaongeza nakala za S.4 mpaka kila mwanafunzi aweze kwenda na kitabu nyumbani Ijumaa na kukirudisha Jumatatu.

Kamati ya Wazazi na Walimu, pamoja na Idara za Fasihi na Historia