Mkunga, na mtu wa kukaa nawe

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Baba yako anakusalimu, mguu umepungua uvimbe na sasa anakwenda msikitini mwenyewe. Nimefurahi kusikia presha na wingi wa damu viko sawa. Usiache kumeza vile vidonge vya kuongeza damu hata kama vinakuchafua tumbo.

Sasa lile swali lako. Rafiki yako aliyejifungulia Dar es Salaam alimlipa doula, na anakwambia ukiwa na doula mzuri huna haja ya kuhangaika na wakunga wa hospitali. Unaniuliza uchague yupi. Mwanangu, hao wawili hawafanyi kazi moja. Doula hazalishi. Hapimi njia, hachomi sindano, hana dawa mkononi. Kazi yake ni kuwa nawe: kukukanda mgongo, kukunywesha maji, kukutembeza, kukutuliza. Ni kazi kubwa, na nitairudia, lakini haiwezi kukaa mahali pa mkunga.

Nimefanya kazi leba mpaka nikastaafu, kwa hiyo nakuandikia ninachokijua. Mkunga aliyesomea na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na ukifika wakati wa kusukuma, kila dakika tano. Anaandika kila kitu kwenye patografu, na kwa karatasi hiyo anaona kwamba uchungu umesimama hata kabla wewe hujajua kuna tatizo. Mtoto akitoka bila kulia, yeye ndiye mwenye mfuko wa kumpulizia hewa, na inatakiwa aanze ndani ya dakika moja.

Halafu kuna damu. Hapa ndipo sitaki ubishane nami. Mtoto akishatoka, mkunga anakuchoma oksitosini, uniti 10, ili mji wa mimba ujikaze. Analitoa kondo la nyuma na kulikagua kama limetoka lote, kisha anakushika tumbo mara kwa mara kuona kama mji umekuwa mgumu. Mama mwenye afya njema, aliyejifungua vizuri na kuanza kutabasamu, anaweza kumwaga damu ya kumuua kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kutafuta bajaji usiku. Doula mwema kuliko wote atakachoweza ni kupiga kelele za kuita mkunga. Takwimu za nchi yetu zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Katika muda huohuo wanawake wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka 63 katika kila 100 hadi 81. Mimi naona mikono ya wakunga humo.

Lakini sitakudanganya kwamba mkunga anatosha. Usiku leba huwa na mkunga mmoja na akina mama kadhaa. Mmoja akianza kusukuma, wengine wote wanabaki na kuta. Nimewaacha wanawake wakiniita kwa jina, si kwa kupenda, nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto wa mwingine. Uchungu ule ule humzidi nguvu mama aliye peke yake, maana hofu inaukaza mwili na kumfanya achoke kabla ya wakati.

Hili limechunguzwa. Mwaka 1980 madaktari Kennell na Klaus wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa Guatemala: akina mama waliokaa na mwanamke wa kawaida tu, asiye mhudumu wa afya, walikaa na uchungu kama saa 9, na waliokuwa peke yao kama saa 19. Wanawake wale walikuwa wachache, kwa hiyo usiutegemee huo peke yake. Mapitio ya mwaka 2017 yalikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17. Waliokuwa na mtu karibu muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi, na uchungu wao ulikuwa mfupi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasisitiza kwamba kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Na hapa hapa mkoani kwetu Kigoma, kati ya 2016 na 2018, baadhi ya vituo vya serikali vilijaribu utaratibu huo, na akina mama wakaridhika na huduma zaidi kuliko wale wa vituo ambavyo haukuwepo.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta doula wa kulipwa kutoka Dar. Hela hiyo iweke kwa ajili ya usafiri wa usiku na vifaa. Mchukue mama yako mdogo wa Uvinza. Amezaa, hana papara, na hana tabia ya kumsimulia mjamzito habari za waliokufa.

Mimi usinichague. Natamani kuwepo, Mungu anajua, lakini nikiingia leba nitaanza kusoma patografu na kumwuliza mkunga maswali, na wewe utabaki bila mtu.

Mwambie akukande kiunoni kwa kiganja, akukumbushe kukojoa kila baada ya muda, maana kibofu kikijaa mtoto hashuki vizuri. Asikuache ulale chali. Lala kwa ubavu au tembea. Asikuamuru usukume, hilo aliachie mkunga. Na asije na dawa ya kuongeza uchungu kwenye chupa ya chai, hata kama kapewa na mtu anayeheshimika. Dawa zile hazina kipimo. Zinaubana mji bila kuupumzisha, mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka.

Kliniki ijayo uliza, iwe ni hospitali ya Kitete hapo Tabora au kituo cha afya kilicho karibu nawe: msindikizaji anaruhusiwa kuingia leba? Kuna mapazia kati ya vitanda? Kama hakuna, mume wako huenda akazuiwa kwa sababu ya wanawake wengine, asichukie. Apange gari, awe na namba ya dereva, ajue nani atachangia damu ikihitajika.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka, chupa ikipasuka au mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Usinisubiri nipokee simu.

Mama mdogo nimemgusia tu, lakini mpigie mwenyewe umwombe, ni heshima yake. Aje na treni ukifika wiki ya 37, asisubiri uchungu uanze. Mkishakubaliana niambie, nimtumie nauli.

Mama yako