Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi: leseni ya vileo iende na bima

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Mimi ni mkazi wa Moshi, nakuandikia juu ya watu wanaoumia kwa sababu ya pombe inayouzwa katika baa zetu.

Pita usiku wa Jumamosi kwenye baa kubwa zilizo kando ya barabara iendayo Arusha. Mteja anahangaika kuchomeka ufunguo wa gari na bado analetewa bia nyingine. Mlinzi anamfungulia geti na kumwongoza kurudi nyuma, "twende, twende, kata kulia," hadi gari linaingia lami. Kwa baa, kazi imeishia hapo. Atakayegongwa huko mbele atajijua mwenyewe.

Kijana wa bodaboda, anayetafuta hela ya mafuta kwa shida, sheria inamlazimisha kukata bima ndogo kwa ajili ya mtu atakayeumizwa naye. Ni haki kabisa. Mhudumu akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mteja akipasuliwa uso kwa chupa katika ugomvi wa walevi, vyote hivyo havimhusu. Ndugu wanafungua kundi la WhatsApp na kuchangishana hela ya hospitali, na mwenye baa kesho yake anafungua kama kawaida. Hili linaniuma sana.

Leseni za vileo zinatoka halmashauri. Naomba liwekwe sharti kwamba mwenye baa aonyeshe bima ya dhima, itakayomlipa mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa baa, kabla ya kupewa leseni au kuihuisha. Kama sheria ndogo hazitoshi, hoja ipelekwe wizarani na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kampuni ya bima haitakubali kubeba hasara bila kuuliza maswali: nani analinda mlango, wahudumu wanaruhusiwa kumkatalia mlevi? Baa yenye madai mengi italipa zaidi, na mwenyewe ataanza kuwaambia wahudumu, "Huyu basi, mwitie teksi."

Najua wenye biashara watalia, na wana hoja. Jimbo la South Carolina, Marekani, mwaka 2017 liliamua kwamba baa inayouza pombe ya kunywea hapohapo baada ya saa 11 jioni lazima iwe na bima ya dola milioni 1. Ada za bima zilipanda mno, wenye baa ndogo wakalemewa, wengine wakafunga. Kwa hiyo kiwango kifuate ukubwa wa biashara. Mama wa mbege, ambaye wateja wake wanarudi nyumbani kwa miguu, asitozwe sawa na baa yenye uwanja mzima wa kuegesha magari.

Desemba watu wanakuja kula Krismasi nyumbani, magari yanajaa kila kona na baa hazilali. Naomba Baraza la Madiwani lilijadili jambo hili kabla ya hapo, na wenye baa waitwe waseme yao.

Wako,
Mkazi wa Moshi