Barua ya wazi kwa vijana wa ua wetu, katika jua hili la Kaskazi

Kwenu Simba, Chausiku, Mtoro na Popi,

Naandika nikiwa nimelala, maana kwa mbwa wa miaka 13 kama mimi hata kukaa kitako ni kazi. Jina langu mnalijua, Watasema. Baba mwenye nyumba alinipa wakati ana ugomvi na jirani wa mpakani, akawa kila jioni ananiita kwa sauti ya kuvuka ukuta. Jirani akahama, ugomvi ukaisha, jina nimebaki nalo mimi.

Barua naiacha wazi makusudi. Wanadamu wanaofuga mbwa wanne watano kwenye ua mmoja nao waisome, hasa wa huku kwetu Kigamboni na Dar yote, ambako toka Desemba hadi Machi hata kuku anatembea kaachama mdomo.

Nina neno moja kubwa, nalo ni kivuli. Juzi Simba na Chausiku mmeng'atana chini ya mwembe, sikio la Chausiku likatoka damu. Mlipoachana, kivuli chenyewe kilikuwa kimeshahama, mkabaki juani wote wawili mnahema. Nani alishinda pale?

Sikilizeni. Kivuli cha ua huu kina ratiba. Asubuhi kiko magharibi mwa nyumba, kwenye kamba za nguo, na wote tunaenea hata tukijinyoosha. Ikifika saa tano hamieni ukuta wa kaskazini wa nyumba. Desemba na Januari jua la adhuhuri hapa kwetu linapita kusini kidogo, kwa hiyo ukuta ule unaacha ukanda wa kivuli chini yake, upana wa mbwa mmoja aliyelala ubavu, lakini mrefu, toka tangi la maji mpaka banda la kuku. Basi laleni mstari, kichwa kwa mkia. Na upepo wa Kaskazi unaingilia upande huohuo, mnapata feni ya bure. Alasiri nendeni barazani, upande wa mashariki. Mwembe tuuwekee akiba. Mwanzoni mwa Machi jua linasimama utosini, ukuta haumpi mtu kivuli upande wowote, na hapo ndipo mtauhitaji mwembe wote, bila vita. Haya nimeyajua kwa kuungua. Nyie nawapa bure.

Na chimbeni. Mchanga wa huku ukiuparua kina cha kiganja kimoja viwili unakuta ubichi, na tumbo likigusa ubichi roho inatulia. Ila asmini za Mama ziacheni. Mara ya mwisho alichimbiwa asmini, nilipigwa mimi, na mchimbaji alikuwa Mtoro.

Sasa Popi, mwanangu. Pua yako imebonyea, na kosa si lako, ndivyo mlivyozaliwa kwenu. Lakini Februari ya mwaka jana nusura tukuzike. Saa saba mchana unamkimbiza Mtoro kuzunguka tangi! Kwanza ukaanza kukoroma na huku uko macho. Mate yakawa mazito kama ute wa bamia, ulimi ukaiva wekundu mpaka ukaelekea zambarau, miguu ikapishana kama ya mlevi. Mtoro akadhani mchezo unaendelea, akawa anakuuma mkia. Mimi nilikwenda mlango wa jikoni nikabweka mpaka sauti ikakauka.

Aliyetoka ni dada, yule anayesema kila siku kwamba hapendi mbwa. Alikubeba mikononi, akakulaza kivulini, akakumwagia maji ya bomba tumboni na mapajani, kisha akakuwekea feni. Daktari wa mifugo alipokuja na kipimo chake bado ulikuwa nyuzi 41, wakati mbwa mzima ana 38 na kitu. Akasema kama dada angesubiri Baba arudi kutoka Kariakoo, pasingekuwa na mgonjwa wa kutibu. Sisi hatuna jasho kama wao. La kwetu linatoka nyayoni tu, kidogo, na joto lililobaki tunalitoa kwa ulimi na pumzi. Mwenye pua fupi pumzi zake hazitoshi. Kwa hiyo ukimwona mwenzio anayumba, usimfuate kucheza. Nenda jikoni ubweke.

Simba nawe, wakisema tena wakunyoe manyoya kwa sababu ya joto, kimbia ukajifiche. Yale manyoya ya tabaka mbili yanakukinga na jua pia. Wakuchane, inatosha.

Kuna na habari ya gari. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016, kwenda mjini kulikuwa kwa pantoni, na foleni ya magari unaijua mwenyewe uliyekaa. Siku moja niliachwa ndani, vioo vimepandishwa, "dakika kumi tu". Kwa dakika kumi gari lililofungwa linaweza kupanda nyuzi kumi hivi juu ya joto la nje, na nje kwenyewe Dar. Niliokolewa na muuza karanga aliyegonga kioo na kupiga kelele. Toka siku hiyo nikiona mlango wa gari umefunguliwa najifanya nimelala.

Chakula kifupi: kila mtu na sufuria lake. Simba unameza kwa pumzi tatu, halafu unakwenda kumsimamia Popi kichwani. Acha. Ugali na dagaa wa asubuhi usiufukie eti utaula jioni, kwa joto hili saa nane umeshachacha. Embe dodo likianguka kula nyama yake, kokwa liache, linaziba utumbo. Na wanadamu, tafadhalini, karai moja la maji kwa mbwa watano ni kututafutia ugomvi. Wekeni mawili, mbalimbali, yote kivulini.

Kupe pia nawaambia wao. Mvua za vuli zikipita, wanapanda hadi ukutani, na jike mmoja anataga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Mkimwogesha dawa Simba kwa sababu ndiye mzuri wa kupiga naye picha, kupe wanahamia kwangu na kurudi kwake wiki ijayo. Tuogesheni sote siku moja, na banda lipigwe dawa siku hiyohiyo.

Mtoro, hili lako. Mzee wa nyumba ya pili ni mtu mwema, hajatupigia jiwe hata siku moja. Ijumaa akipita na kanzu nyeupe, wewe unamrukia umlambe mkono kwa furaha. Unajua unamfanyia nini? Kwa madhehebu yao ya Kishafii, mate yetu yakimgusa huosha mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Adhana imeshatoka, na maji anayanunua kwa ndoo. Wamesema wenyewe, ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini; sikasiriki, kila nyumba na taratibu zake. Akipita yeye, kaa, tikisa mkia ukiwa mbali. Ataelewa.

Tena usiku wa kuamkia mwaka mpya, kabla ya saa sita, ingieni stoo wenyewe. Fataki zile kwa masikio yetu si sherehe. Mtoro aliruka ukuta, tukamwona siku ya tatu, kaletwa kutoka Mjimwema na kijana wa bodaboda kwa sababu ya namba ya simu iliyokuwa kwenye mkanda wa shingo. Chausiku, mkanda wako umeutafuna. Kawaoneshe shingo tupu wakununulie mwingine. Na ile sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa ya kila mwaka, msimng'ate daktari.

Limebaki moja. Pale jirani na tangi, bomba linapodondosha, nimelala mimi tangu ninyi hamjazaliwa, na anayepasogelea namwonesha meno. Kuanzia leo alale Popi.

Jua limeshanifika mkiani. Simba, jivute kidogo huko ukutani, nakuja.

Babu yenu,
Watasema