Kabla Hujanunua Antivirusi, Tuonyeshe Flashi Yako

Haipiti wiki bila mteja kuweka laptopu kwenye kaunta yetu na kuuliza, "Fundi, antivirusi ipi ni kali?" Tunaziuza, ziko pale rafuni. Ila kabla hatujanyoosha mkono huko, tunamwomba flashi yake kwanza.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja, amevuka na kivuko kutoka Nansio. Alama za mitihani za shule nzima zilikuwa kwenye flashi, na flashi ilionekana tupu. Alishaambiwa mahali aifomati tu, yaishe. Tuliichomeka kwenye mashine yetu ya majaribio. Ndani tukakuta kitu kimoja: ikoni yenye jina la flashi yenyewe, na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Uzito wake kilobaiti 2. Lakini tulipoangalia nafasi iliyotumika, zilikuwa gigabaiti tatu na ushee. Sasa flashi tupu inabebaje gigabaiti tatu?

"Mwalimu, usifomati. Alama zako zimo humu humu."

Huyu ndiye kirusi tunayekutana naye kuliko wote hapa Mwanza, mafundi tunamwita kirusi cha shotikati, yaani ikoni ya njia ya mkato. Anachukua mafaili yako, anayatia kwenye folda iliyofichwa, halafu anaacha kile chenye kimshale mbele kama chambo. Ukikibofya, mafaili yanafunguka kama kawaida, kwa hiyo hushtuki. Wakati huo huo yeye ameshaingia kwenye kompyuta, anasubiri flashi nyingine ichomekwe. Kumwondoa si kazi kubwa: unasafisha kompyuta kwanza, kisha flashi, kisha unayafichua mafaili kwa attrib, amri iliyomo ndani ya Windows. Ukianza na flashi huku kompyuta bado ni mgonjwa, utarudia kazi hiyo hadi jioni.

Mwalimu alimpata wapi? Pale wengi wetu tunapompata, steshenari. Kompyuta moja inayoprinti barua za watu wote wa mtaa hupokea flashi za mtaa mzima, na mwenye duka ana foleni, hana muda wa kuskani moja moja. Hatumlaumu.

Tukageukia laptopu yake. Ilikuwa na antivirusi mbili, na fahali wawili hawakai zizi moja: zinakaguana, mashine inakuwa nzito kama mtumbwi uliojaa maji. Moja ilikwisha muda tangu mwaka juzi. Ya pili ilikuwa ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure. Hapa tuseme wazi, maana tunaliona kila siku. Karibu kila programu ya kukraki huja na maelekezo ya kuzima antivirusi kabla ya kuisakinisha. Yaani unaambiwa umlaze mlinzi kwanza, ndipo mgeni aingie. Ukikraki antivirusi yenyewe, basi mlinzi na mwizi umewapa sare moja.

Kwa mtu wa nyumbani anayetumia Windows 10 au 11, ushauri wetu ni huu, hata kama unatupunguzia mauzo: antivirusi unayo tayari. Inaitwa Microsoft Defender, imo ndani ya Windows, hailipiwi, na kwenye vipimo vya maabara ya AV-TEST ya Ujerumani imekuwa ikipata alama za juu pamoja na zile za kulipia. Tatizo lake hapa kwetu ni bando. Watu wanazima masasisho ili bando lisiishe, wakidhani wameokoa. Mei 2017 kirusi WannaCry alipofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, hadi za hospitali za Uingereza, dawa yake ilikuwa imeshatolewa na Microsoft tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Kama bando linabana, njoo na mashine dukani, tutaisasisha kwa intaneti yetu.

Wenye Windows 10 wajue pia kwamba muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa Microsoft wa kuongeza masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini ni kwa aliyejisajili. Laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Tuulize kabla hujanunua, si baada.

Ya kulipia tunamshauri mwenye kompyuta na simu kadhaa anayetaka zote ziwe kwenye leseni moja, au mzazi anayetaka kudhibiti wanachofungua watoto. Usiangalie rangi ya boksi. Angalia kama mashine yako yenye RAM ya gigabaiti 4 itaibeba, na kama leseni itajikata pesa yenyewe mwaka ukiisha.

Fayawoli nayo imo ndani ya Windows. Iache ikiwa imewashwa. Ukiunganisha Wi-Fi ya hotelini au stendi, hakikisha aina ya mtandao imewekwa Public. Ila usiitegemee kwa kirusi cha mwalimu: fayawoli inalinda mlango wa mtandao, flashi inaingia kwa mfuko wa suruali.

Pesa uliyotaka kununulia antivirusi, nunulia diski ya nje. Nakili kazi zako humo kila wiki, kisha uichomoe. Ukiiacha imechomekwa, kirusi anayefunga mafaili ataifunga nayo.

Mwalimu alitusikiliza, akafuta antivirusi zote mbili, Defender ikaamka. Akanunua flashi ndogo ya pili, akaiandika kwa maka peni PRINTI TU, akawahi kivuko.