Barua kwa Elieshi kuhusu safari ya Machi

Davos, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Elieshi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi sote hatujambo, na Baraka amekwisha kupona ule mguu. Ni matumaini yangu kwamba nawe hujambo huko Innsbruck, na kwamba Mama Grace alifika salama. Nisamehe kwa kukaa wiki tatu bila kukujibu. Mpango wako wa safari ya Machi, ya kuvuka milima kwa skii, umekuwa mezani kwangu siku zote hizo, pamoja na ile ramani uliyoichora njia kwa kalamu nyekundu, na kila nilipoanza kukuandikia nilikwama mahali palepale.

Nimekwama kwa sababu ya siku ile ya mwaka jana katika bonde la Dischma, ambayo hatujawahi kuizungumzia. Tulikuwa tukipanda, wewe mbele, Lukas katikati, mimi nyuma, na pale bonde linapopanuka theluji ikaguna chini yetu: mguno mmoja mzito, kama gunia la mahindi lililobwagwa kwenye sakafu ya chumba cha juu, kisha ufa mwembamba ukakatiza mbele ya skii zangu. Nilijua maana yake. Tabaka dhaifu lililokuwa chini lilikuwa limevunjika, na kama pale tulipokuwa pangekuwa na mwinamo mkali, bamba zima la theluji lingetelemka pamoja nasi. Hata hivyo nilinyamaza. Ulikuwa umesafiri kutoka Austria, uso wako ulikuwa umejaa furaha, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji; niliona ni utovu wa adabu kumgeuza mgeni katikati ya njia. Tukaendelea, tukavuka chini ya ule mteremko tukiwa tumekaribiana, na jioni tukanywa supu tukacheka. Hakuna kilichotupata, lakini ukimya wangu wa siku ile bado unaniuma, na sitaki kuurudia mwezi Machi.

Sasa nije kwenye mpango wako. Siku tatu, kutoka Dischma hadi nyumba ya wapandaji ya Grialetsch, kisha Kesch, kisha kilele cha Piz Kesch chenye mita zaidi ya 3,400, na kutelemka Val Tuors hadi Bergün ili tupande treni ya kurudi kupitia Filisur. Ni njia nzuri mno, nami naitamani kama unavyoitamani. Linalonitia hofu ni kwamba umekwisha kulipia vitanda kwa tarehe maalumu, na umepanga saa za kila siku kana kwamba theluji nayo imesaini mkataba. Katika karatasi zako zote mbili sikuona mahali palipoandikwa tutageukia wapi na kwa sababu gani.

Majira haya theluji ya huku imekaa vibaya. Ya Novemba ilikuwa haba, kisha ikaja baridi kali ya wiki nyingi chini ya anga safi. Unajua inavyokuwa: ardhi hubaki karibu na nyuzi 0 huku hewa ya juu ikiwa baridi sana, mvuke hupanda katikati ya theluji, na chembe zilizoshikamana hugeuka kuwa punje kubwa zisizoshikana, kama sukari iliyomwagika. Juu ya sukari hiyo pamejengeka bamba la theluji ya Januari lililosukwa na upepo. Nilichimba shimo Jumamosi iliyopita kwenye mteremko unaoelekea kaskazini. Nilipogonga koleo kwa kiganja, bamba liliteleza likaniangukia magotini. Tabaka la namna hiyo halipoi kwa siku mbili tatu, na miteremko mingi ya njia yako inatazama kaskazini.

Najua utasema kwamba taarifa ya maporomoko ya theluji imekaa kwenye daraja la 3 kati ya 5 za hatari, na kwamba watu wengi hutoka siku kama hizo. Ni kweli, hutoka, na takriban nusu ya wanaofariki hapa Uswisi katika maporomoko hufariki siku za daraja hilo hilo. Mara nyingi sana bamba linalowachukua wanaoteleza huwa limeachiliwa na wao wenyewe au na mwenzao, kwa uzito wa mwili mmoja tu. Werner Munter, yule mwongoza milima wa Uswisi, alifundisha kwamba kwa daraja la 3 mtu abaki chini ya nyuzi 35 za mwinamo. Mimi kwa theluji ya mwaka huu naomba tubaki chini ya 30, na tupime pia miteremko iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa kuwa tabaka hili dhaifu linaweza kuvunjwa na mtu aliye tambarare chini kabisa. Niliiweka njia yako juu ya ramani ya miinamo. Val Tuors ina miteremko mikali juu ya njia karibu urefu wake wote, na mpango wako wa siku ya tatu unatupitisha humo.

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya uokoaji. Mwalimu alifukia begi lenye kifaa cha mawimbi, kile cha kumtafutia aliyefukiwa, akaniwashia saa. Nililipata kwa dakika nne, nikaligusa kwa ufito mrefu wa kuchomea theluji, nikafurahi. Kisha nikaanza kuchimba. Elieshi, theluji iliyoporomoka hukaza kama saruji. Lilikuwa limefukiwa mita moja tu, na nilipolifikia mikono ilikuwa ikitetemeka na dakika kumi na tatu zilikuwa zimepita. Mtu aliyefukiwa ana nafasi kubwa ya kuishi katika dakika kumi za kwanza, kisha nafasi hiyo hushuka kwa kasi kubwa. Ikifika nusu saa wengi wamekwisha kukosa hewa. Helikopta ya uokoaji tungeiita kwa namba 1414, lakini haiwezi kuruka katika ukungu, na hata anga ikiwa safi, kabla haijafika tutakuwa ni mimi na Lukas tu wenye kukuchimba, au ni wewe peke yako mwenye kutuchimba sisi wawili. Usiku ule sikulala, nikiusikia tena mguno wa Dischma na kuhesabu jinsi tulivyokuwa tumekaribiana.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Tarehe za Machi za kuonana tuziache zilivyo, lakini safari ya Kesch tuisogeze hadi Aprili, theluji itakapokuwa imetulia na kuganda usiku, tuondoke alfajiri na tuwe tumeshuka kabla ya jua kuilainisha. Fedha za vitanda zikipotea, nitachangia nusu yake. Mwezi Machi njoo kwangu tufanye matembezi ya siku moja moja kwenye miinamo ya taratibu. Jioni saa kumi na moja, taarifa mpya inapotoka, tuketi sote watatu tuisome kwa sauti, na asubuhi saa mbili tuangalie kama imebadilishwa. Tukiwa njiani, yeyote atakayesema turudi, tutarudi bila kumwomba sababu, awe mgeni au mwenyeji. Hilo la mwisho ndilo ninalolihitaji kuliko yote, maana najijua: nikikuona unafurahi, ulimi wangu huwa mzito.

Sasa nijibu, tafadhali, hata kwa ufupi. Je, nawe uliusikia ule mguno siku ile, au upepo ulikuzuia? Kama uliusikia, ulinyamaza kwa sababu gani? Lukas amewahi kukuambia lolote? Betri za kifaa chako ulizibadilisha lini, na je, bado unatumia lile koleo la plastiki ambalo nilikusihi uliache? Wenye nyumba ya Kesch watakubali kuhamisha vitanda hadi Aprili ukiwapigia wiki hii? Na je, umenikasirikia kwa kuyasema haya kwa kuchelewa namna hii?

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa Mama Grace. Nitakuwa karibu na simu kila jioni baada ya saa moja.

Rafiki yako akupendaye,
Mwanaidi