Risala ya wanafunzi wa klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: tumlinde kuhe

Ndugu mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu hapa Kigoma. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza.

Ndugu mgeni rasmi, mwaka huu klabu yetu imejifunza habari za samaki mmoja tu, kuhe. Dagaa na migebuka wana watetezi wengi, na ni haki yao, maana wengi wetu tunasomeshwa kwa fedha ya dagaa. Kuhe hutajwa akiwa mezani. Lakini katika jamii yake, ambayo hata sato yumo, yeye ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Hufikia sentimita 80 hivi. Na nje ya Ziwa Tanganyika haonekani katika ziwa lolote jingine.

Kinachotugusa zaidi ni malezi yake. Jike hutaga maelfu ya mayai chini ya maji, kisha yeye na dume huyalinda pamoja, wala hawali chochote. Mayai yakianguliwa, vifaranga huelea kama wingu dogo, na wazazi huzunguka wakimfukuza kila anayesogea. Watafiti wanaeleza kuwa kuhe huzaa mara moja tu maishani. Akivuliwa siku hizo, uzao wake wote umekwenda naye.

Mazalia hayo yako karibu na ufuko, na huko ndiko kokoro, wavu mrefu wa kuburuta hadi ufukoni, linakokokotwa, ingawa sheria imelipiga marufuku. Likivutwa nchi kavu, wakubwa huingia kwenye beseni, na vifaranga wasiouzika huachwa mchangani wakipapatika. Inatuuma, kwa sababu wanaovuta ni baba na kaka zetu, nao wanatafuta riziki.

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, upande wa Tanzania ulipumzisha uvuvi ziwani. Nyumbani ilikuwa miezi migumu, lakini wavuvi walitii. Kwa hiyo tunaamini jambo dogo kuliko hilo linawezekana: tunaomba utusaidie kuzungumza na halmashauri na viongozi wa mwalo ili kipande cha ufuko unaopakana na shule kiwekewe maboya na kuachwa kiwe mazalia. Pia tunaomba wanaosalimisha kokoro wasaidiwe kupata nyavu halali, wasirudi nyumbani mikono mitupu. Kuyalinda maboya tutajipangia zamu wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.