Mbona sura ya dola ndio ya mwisho?

Mhariri,

Nakuandikia nikiwa Kondele hapa Kisumu, na kabla sijaanza niseme mi sina ubaya na walekchara, wengi wanajituma na madarasa yamejaa hadi wengine wanaandika noti wakiwa wamesimama kwa mlango. Shida yangu ni silabasi, ambayo inaiweka mwisho kabisa ile sura ya kueleza dola. Niko mwaka wa tatu, nasoma uchumi, na nimetoka juzi kufanya sapu (mtihani wa kurudia) ya makro ya pili, yaani kozi ya pili ya uchumi wa nchi nzima, ile ya ngazi ya kati ambayo makomredi (wanafunzi wenzangu) wanaiogopa kuliko kitu kingine chochote. Sapu nimepita. Lakini swali lililonifanya niingoje hiyo kozi kwa hamu bado halijajibiwa darasani.

Mama yangu anauza mitumba soko la Kibuye. Februari 2024, nikiwa mwaka wa kwanza, nilikuwa nimeenda kumsaidia Jumapili akasikia kwa redio ati Benki Kuu imepandisha riba yake kutoka asilimia 12.5 hadi 13 ili kupambana na mfumuko wa bei na kuituliza shilingi. Akaniangalia, akaniuliza, "Nyathina, kama bei zimepanda, hawa watu wanapandishaje tena bei ya mkopo halafu wanasema ndio vitu vishuke? Si wewe ndio unasoma hayo?" Nikamwambia mama ngoja nifike makro ya pili nitakueleza vizuri, akacheka akarudi kupanga nguo zake.

Basi nikafika. Tukaanza na ile mistari ya IS na LM, mmoja wa soko la bidhaa na mwingine wa soko la pesa, ambayo Muingereza John Hicks aliichora mwaka 1937 akijaribu kueleza kitabu cha mchumi Keynes kilichotoka mwaka mmoja kabla. Nikaielewa kiasi, nikarudi nyumbani na kalamu na karatasi. Nikamweleza mama: riba ikipanda, watu wanaogopa kukopa, mwenye alitaka kujenga anangoja, mwenye alitaka kununua lori anangoja, pesa inapungua mzunguko, wauzaji wanakosa wateja kwa hivyo hawapandishi bei. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia yeye anakopa kwa chama, shilingi kumi kwa kila mia kwa mwezi, ilikuwa hivyo kabla ya hiyo redio na ikabaki hivyo baada yake. "Kwani Benki Kuu ilimpigia mweka hazina wetu simu?"

Hapo nilishindwa. Si eti mistari ni ya uongo, mwenye ana mkopo wa benki anajua venye riba ilimuuma mwaka huo, lakini kwa mtu wa Kibuye hiyo si njia riba inampitia. Yeye riba inampitia kwa belo, lile furushi la mitumba.

Belo inanunuliwa nje kwa dola. Mwisho wa Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160, kwa hivyo belo ya dola 100 huko inakotoka ilikuwa shilingi 16,000 kabla hujaweka ushuru, meli, lori ya kutoka Mombasa na faida ya kila mtu katikati. Halafu Februari vitu vitatu vikaja pamoja. Benki Kuu ikapandisha riba. Serikali ikauza bondi (hati ya kukopa pesa) ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 bila kodi, ilikuwa inatafuta bilioni 70 ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280, na wengine waliokuja na pesa walikuwa watu wa nje wanaouza dola zao wapate shilingi. Na mwezi huohuo ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobond (bondi ya kuuzwa nje kwa dola) mpya ili inunue sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyokuwa inaiva Juni, ile deni kila mtu alikuwa anaogopa hatuwezi kulipa. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ile belo ya dola 100 sasa ni 13,000. Yaani riba iliyopandishwa Nairobi ilimfikia mama yangu, tena haraka, lakini haikupitia mkopo, ilipitia dola.

Na hii yote iko kwa kitabu! Inaitwa modeli ya Mundell na Fleming, Robert Mundell wa Kanada na Marcus Fleming aliyekuwa IMF, ya mwanzo wa miaka ya sitini, Mundell hadi akapewa Nobel mwaka 1999. Ukiisoma ni kama mtu anakusimulia Kenya ya Februari 2024. Shida ni kwamba kwa silabasi yetu hiyo ndio sura ya mwisho kabisa, na sura ya mwisho haifikiwi. Wiki ya kwanza ni ya kujisajili, ya pili lekchara bado anatafuta chumba, mgomo ukiingia hapo katikati unakula zingine, halafu zile CAT (mitihani midogo ya katikati ya muhula) mbili, na wiki ya kumi na mbili bado tuko kwa mchoro wa mchumi Phillips tunabishana kuhusu ajira na mfumuko wa bei. Kisha tunaambiwa "hii ya mwisho mtajisomea." Na kwa mtihani haiji, kwa hivyo nani atajisomea? Watu wanabeba hesabu za IS kwa mwakenya (karatasi za kuibia mtihani) wanaingia nazo, wanatoka, wanasahau.

Kwa Phillips hapo kidogo niseme kitu. Huyo jamaa wa New Zealand kabla ya ule mchoro wake wa 1958 aliunda mashine ya maji huko London mwaka 1949, matangi na mifereji ya plastiki, maji ndio mapato yanazunguka nchini, unafungua hapa unaona kodi inatoka, unafunga pale akiba inajaa. (Mtaani kwetu ingekaa kavu siku tatu kwa wiki.) Lakini hata hiyo mashine ilikuwa na sehemu ya bidhaa zinazoingia na zinazotoka nchini. Mwaka 1949! Na sisi tunaotegemea nje kwa mafuta, mbolea, ngano na nguo za kuvaa tunakaa wiki kumi na mbili tukijifanya nchi haina mpaka.

Nilimwendea lekchara mmoja na hili jambo akanijibu kwa upole kwamba uchumi uliofunguka (wa nchi inayofanya biashara na nje) umejengwa juu ya ule uliofungwa, huwezi kupaka rangi nyumba ambayo hujajenga. Ni kweli. Lakini IS na LM zenyewe ni kazi ya wiki mbili au tatu, si nane. Na kuna ubaya mwingine: majibu yanageuka. Kwa uchumi uliofungwa tunafundishwa serikali ikitumia pesa zaidi pato la taifa linapanda. Kwa Mundell na Fleming, kama sarafu inaelea (bei yake inaamuliwa na soko) na pesa za nje zinaingia na kutoka bila kizuizi, matumizi hayohayo yanavuta riba juu, shilingi inapata nguvu, anayeuza maua au chai nje anaumia, na faida yote inayeyuka, halafu riba ya Benki Kuu ndio inakuwa na nguvu. Kwetu si hivyo kabisa kwa sababu pesa haziingii kirahisi namna hiyo na Benki Kuu saa zingine inaingilia soko la dola, lakini mwanafunzi anayeishia kabla ya hiyo sura ya mwisho anaenda kutafuta kazi na jibu nusu.

Ninachoomba ni kidogo. Hiyo sura ipelekwe wiki ya nne. Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu inakutana kila miezi miwili na taarifa yake iko wazi bure, basi darasa litabiri uamuzi kabla haujatoka, kila mtu aandike sababu zake ukurasa mmoja, na hiyo ndio iwe CAT. Muhula mmoja utapata mikutano miwili hivi.

Mimi nilijisomea hiyo sura mwenyewe wakati wa sapu, na Jumapili moja nikamchorea mama nyuma ya risiti. Alielewa haraka kuliko makomredi wengi. Kisha akaniuliza, kama kufikia Juni 2025 hiyo riba ilikuwa imeshushwa hadi 9.75 na dola ikabaki hapohapo karibu 129, mbona hairudi 110 kama ilivyokuwa mwaka 2021, na mbona yule wa kumuuzia belo hakushusha bei yote wakati dola iliposhuka. La pili nadhani nalijua, jamaa alikuwa na stoki ya zamani aliyoinunua kwa 160. La kwanza nimemwambia angoje nifike mwaka wa nne.

Komredi wa mwaka wa tatu,
Kondele, Kisumu